Sahani Niliyoiogopa

Kosa langu kubwa kabisa lilikuwa kuacha kula na Janvier.

Naliweka mwanzoni kwa sababu mengine nimeshajisamehe, hili bado linanichoma. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, tumbo liliniuma kila siku, na nilitafuta mtu wa kumlaumu. Nikamlaumu yule aliyenigawia chakula.

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe ambaye asubuhi, ukisikia hatua za mkubwa wako wa kazi, tumbo linakaza kabla hata hujageuka kumwona. Mimi si daktari. Chuo sikusoma; kazi ya depo nilijifunza peke yangu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikiandika kila neno jipya la Kifaransa kwenye daftari. Labda ndiyo maana niliogopa kuliko wengine. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hudhani kila siku kwamba leo ndiyo siku watakayomgundua.

Depo yetu iko Goma na inahifadhi dawa. Malori yanazileta kutoka mpakani Bunagana, sisi tunazipokea, tunazipanga, tunabandika etiketi, kisha zinaondoka kwenda vituo vya afya vya mji wa Kiwanja na kwingineko. Kazi yangu ilikuwa etiketi. Kila moja niliisoma mara tatu, na nikifika mlangoni nilirudi kuisoma mara ya nne. Janvier alikuwa mpakiaji, mtu mrefu kutoka Rutshuru, amenizidi kama miaka kumi, mwenye bibi, yaani mke, na watoto wanne. Saa sita tulikula sahani moja, kama wote pale wanavyokula wawili wawili au watatu watatu. Bibi yake alimfungia bugali na sombe, majani ya muhogo, mimi nilileta samaki wadogo wa sambaza au maharage ya mama. Alinicheka kwa kunawa mikono mara mbili. "Kasereka," alikuwa akisema, "wewe unaosha mpaka kivuli chako."

Mkubwa wetu alikuwa Chef Faustin. Hakuwa mtu wa matusi. Nalisema hilo kwa sababu watu wakisikia habari za mkubwa mbaya wanamfikiria mtu anayepiga kelele. Yeye aliongea polepole. Kila siku saa moja na nusu tulisimama mstari uani, naye alisoma makosa ya jana, jina kwa jina, kama mtu anayesoma matangazo baada ya misa. Kisha zilifuata karatasi. Aliyefanya kazi kwenye ofisi za kwetu anaijua demande: barua ya kukutaka ueleze kwa maandishi, ndani ya siku mbili, kwa nini umefanya ulilofanya. Ni desturi ya kazi, kila mahali ipo. Lakini kwake zilitoka kwa jambo lolote. Etiketi imepinda, demande. Umechelewa kwa sababu barabara ilifungwa, demande. Tatu zikikaa kwenye faili lako, unakwenda nyumbani. Na mashirika mengi yalikuwa yamefunga milango mjini. Mtu akifukuzwa hakuna aliyemwuliza ataenda kufanya kazi wapi; kazi nyingine haikuwepo.

Demande yangu ya kwanza ilikuja na mvua za Septemba. Maji yalipenya chini ya turubai, wino wa etiketi kwenye makatoni sita ukayeyuka. Turubai sikulifunga mimi, lakini nilijibu kurasa mbili, nikazirekebisha mara nne, nikakubali kila kitu. Nilidhani mkubwa humheshimu anayekubali haraka. Chef aliinua barua yangu mbele ya wote na kusema hivi ndivyo mtu anavyojibu. Niliona fahari, na tumbo likanipiga saa ile ile, chini ya mbavu, kama mtu amebana ngozi kwa ndani.

Baada ya hapo wenzangu waliniletea demande zao niwaandikie majibu. Niliandika. Niliomba msamaha wa depo nzima kwa Kifaransa kizuri, na kila kosa nililoliandikia nililibeba hadi nyumbani kana kwamba lilikuwa langu. Janvier peke yake hakuleta. Yeye alikwenda mwenyewe kwa Chef, alisimama, alieleza kwa mdomo, alirudi kupakia. "Karatasi haiwezi kubeba katoni," alituambia. Chef hakulipenda jambo hilo. Kufikia Krismasi Janvier alikuwa na demande mbili kwenye faili. Mimi pia mbili.

Mwili ulibadilika kidogo kidogo, na kwa kuwa kila badiliko lilikuwa dogo, nililizoea. Nikipiga mswaki nilitapika maji machungu. Kichwa kiliuma, nikaanza kununua vidonge vyekundu vya maumivu na kumeza viwili kabla ya kusimama mstarini, bila kula, kwa sababu niligundua kwamba kusimama na tumbo tupu ni rahisi zaidi. Mkanda niliutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, kisha jingine. Simu ilipotetemeka mfukoni mkono uliruka wenyewe. Hata Jumapili, hata ikiwa ni shangazi anatuma salamu. Dada yangu mdogo Furaha alinitazama nikifunga kola ya misa, akasema shingo yangu imekuwa ya kuku. Nilimfokea mpaka akalia. Sikuwa mtu wa kufoka.

Mama yangu ni mjane, mzaliwa wa Butembo, anauza maharage yanayotoka Kiwanja. Tunaishi Katindo, nyumba ya mbao. Jumapili hiyo alisubiri Furaha atoke, akaketi mbele yangu.

"Kule kazini unakulaka na nani?"

"Na Janvier."

"Chakula iko inatoka kwa nani?"

"Kwa bibi yake."

"Ni mutu wa wapi?"

"Wa Rutshuru."

Akanyamaza, kwa namna ambayo watu wa mji huu, wanaoshukiana kwa mahali walikotoka, wanaijua, na mimi sikumwuliza ananyamazia nini. Kisha akasema neno ambalo kwetu mama yeyote hulisema mtoto wake anapokonda: karuho. Sumu ile ya polepole, anayokupa mtu wa karibu, ndani ya chakula.

Alinipeleka kwa mama mmoja anayetibu karuho, upande wa pili wa mji. Tulisubiri kwenye benchi pamoja na watu wengine kama kumi, kila mmoja anamkumbuka aliyekula naye mwisho. Nilipewa kikombe cha maji ya kijani yaliyotiwa majani. Nilitapika ndani ya beseni mpaka miguu ikaisha nguvu. Yule mama alikoroga kwa kijiti, akatuonyesha vipande vidogo vyeusi, kama nyama iliyoungua. Ndiyo hiyo, alisema, imetoka. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilivitazama vile vipande na kuvipa jina la Janvier.

Jumatatu nilimwambia kwamba nimefunga kwa ajili ya sala. Juma zima alikula peke yake. Juma la pili akaniuliza kufunga gani huku kunakunywa chai, akacheka, akaisogeza sahani kwangu. Nikairudisha kwa ncha za vidole.

Akaacha kucheka. "Ah," alisema. Hilo tu.

Alikuwa ameelewa. Kwetu mtu harudishi sahani ya mwenzake bure.

Siku tatu baadaye mama alikuja kwenye lango la depo, saa sita, wote tukiwa nje. Sikumtuma, lakini nilikuwa nimeacha afikiri anavyofikiri, na hilo ni karibu sawa. Hakupaza sauti. Alimwuliza Janvier, "Mutoto wangu alikukosea nini?"

Janvier alikuwa na tonge mkononi. Alinitazama mimi, si mama. Niligeuza uso, nikatazama lango. Akalila lile tonge, akachukua jingine, akalila, akaendelea mpaka sahani ikawa tupu, kisha akamwonyesha mama ile sahani. "Mama, niko nakula hii kila siku," alisema. "Na watoto wangu ndiyo hii wanakula." Akaenda kupakia.

Mchana huo Chef Faustin aliniita ofisini. Alifunga mlango, akanimiminia maji kwenye glasi yake mwenyewe. Alisema amesikia, alinipa pole, aliniita mwanangu. Mwaka mzima nilikuwa nimeingoja sauti ile. Kisha akanieleza anachotaka. "Usimtukane," alisema. "Andika tu kwamba una mashaka, na kwamba huwezi kufanya kazi karibu yake. Wewe unaandika vizuri. Kesho asubuhi nitaisoma pamoja na mengine."

Nilijua maana yake. Hiyo ingekuwa ya tatu ya Janvier. Na naona haya kuandika kwamba nilipotoka mle ofisini tumbo halikuuma kwa saa nzima.

Niliandika jioni ile mezani kwetu, mara tano. Ya tano ndiyo barua bora niliyowahi kuandika. Haikuwa na uwongo hata mmoja, kwa sababu kila sentensi ilianza na "nahisi". Niliikunja, nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Mama alinibariki.

Asubuhi tulisimama mstari. Chef alisoma majina. Alipofika kwa Janvier akanitazama, akingoja nitoe mkono kwenye koti. Mdomo wangu ulijaa. Nilidhani ni mate. Niliinama, na kilichotoka kilikuwa damu, nyingi, juu ya mawe meusi ya uani.

Mengine nayajua kwa kuambiwa. Watu walirudi nyuma. Chef alisema kitu kuhusu kupiga simu. Janvier ndiye aliyetoka mstarini bila ruhusa, akasimamisha pikipiki njiani, akanipandisha katikati, yeye nyuma, kidevu chake juu ya kichwa changu ili nisianguke. Dereva aliogopa damu kwenye jaketi lake, Janvier akamwambia ataifua mwenyewe. Wanasema njia nzima nilirudia kwamba etiketi za Kiwanja hazijaisha.

Hospitalini walinivua koti, wakampa aliyenisindikiza. Mama alifika baadaye na Furaha. Furaha amenieleza ile sebule ya kungojea: benchi moja refu la mbao, Janvier mwisho mmoja na koti langu magotini, mama mwisho mwingine na rozari, na katikati nafasi ya watu wanne ambayo hakuna aliyeikalia, ingawa wagonjwa walikuwa wamesimama. Walikaa hivyo mpaka alasiri.

Mimi waliniingiza mpira wenye kamera kooni. Ni kitu kibaya, sitadanganya, lakini kinaisha upesi kuliko unavyoogopa. Muuguzi mmoja alinishika taya kwa mikono miwili na kuimba taratibu puani. Sikumjua jina. Wema wake ule nimeutunza.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye kandambili. Aliniuliza ninameza nini. Nikataja vidonge vyekundu. Ninakula saa ngapi. Nikataja saa sita, kisha nikakumbuka kwamba siku hizi hata saa sita sili. Nilikunywa nini. Nikataja kikombe cha kijani, akafumba macho kidogo.

"Na kazini?"

"Kazini ni sawa."

Alishika vidole vyangu, akatazama kucha nilizozila mpaka nyama. "Niko nakuuliza mara ya pili," alisema.

Nikamweleza mstari wa asubuhi, karatasi, simu inayotetemeka. Alisikiliza bila kuandika. Mwishoni alimwita mama, akamwonyesha picha kwenye kioo: kidonda, chekundu, kama mdomo mdogo.

"Hakuna mutu alimupa sumu, mama."

"Na ile nyama kwenye beseni?"

"Ilikuwa damu yake, iliganda ndani ya tumbo."

Mama alishika ukingo wa kitanda. Sijawahi kumwona akizeeka hivyo kwa dakika moja.

Janvier aliingia wa mwisho. Aliweka koti juu ya miguu yangu, likiwa limekunjwa vizuri. Nilijua kabla hajasema.

"Nimeisoma," alisema. "Ni barua nzuri. Hata mimi ningejifukuza."

Hakutabasamu. Akatoka.

Kwa ile barua Furaha aliwasha mbabula, jiko letu la makaa, maharage yakaivia juu yake. Kisha ulianza wakati wa dawa. Majuma mawili ya kwanza zilikuwa aina nne, mdomo una ladha ya chuma, siwezi kuvumilia harufu ya sombe. Paketi ya pili ilikuwa kidonge kimoja kila asubuhi, na uji usiotiwa kitu. Nilijifunza kungojea kwenye mabenchi. Kama unaanza njia hii, chukua chupa ya maji na mtu wa kukaa naye asiyeuliza maswali. Na tafadhali, dawa za maumivu usizimeze kama nilivyozimeza mimi, na kikombe cha kutapisha ukikatae, hata anayekupeleka akiwa mama yako.

Nilirudi kazini mvua za Machi zikianza. Mezani nilikuta demande ya tatu: kwa nini sikuwasilisha maelezo niliyoahidi. Mama alikuwa ametumia akiba ya maharage yote hospitalini, ada ya shule ya Furaha ilikuwa inangoja, na mimi nilijua vizuri ni sentensi zipi zingemridhisha Chef. Zilinijia zenyewe, zimenyooka. Nikaandika nyingine, mistari mitatu: Niliugua. Hakuna aliyenipa sumu. Sina jambo lolote dhidi ya Janvier.

Asubuhi Chef alisoma barua za wengine, yangu akaiweka chini ya nyingine. Nikaomba aisome. Akasema haina haja. Basi nikaisema mimi kwa kichwa, kutoka mstarini, sauti yangu nyembamba kama ya mtoto anayesoma darasani. Janvier alitazama mbele. Wengine walitazama viatu.

"Umemaliza?" Chef aliuliza.

"Ndiyo, Chef."

"Faili lako linakwenda juu."

Nilingoja siku kumi. Sitazieleza, ukiwahi kungoja majibu ya damu unazijua. Siku ya kumi na moja alikuja Mama Kahindo, mratibu aliye juu ya Chef. Alikuwa amelipata faili langu na kushangaa unene wake. Aliomba mafaili yetu yote, akajifungia nayo siku mbili. Hakutuambia aliona nini. Mwezi uliofuata Chef Faustin alihamishiwa Bunagana, kwenye kazi za forodha, na Mama Kahindo akakaa pale penye meza yake.

Juma lake la kwanza nilikosea. Kosa la kweli, langu kabisa: katoni la Kiwanja lilipanda gari lisilo lake. Niliandika kurasa mbili na kumpelekea. Hakuzipokea.

"Mimi sitaki barua," alisema. "Nionyeshe katoni ilikuwa wapi."

Tulitembea hadi kwenye rafu. Akatazama, akaona kwamba rafu mbili zinafanana na ziko jirani. Aliagiza moja ipakwe rangi. Akaniuliza kama nimepona, akaenda zake. Ilichukua muda wa kunywa chai. Nilibaki nimesimama nikingoja sehemu iliyobaki, na haikuja, na mahali pake ikaja njaa. Njaa ya kweli, ya kwanza tangu Septemba.

Kiangazi, vumbi likiwa kila mahali, nilikwenda hospitali kwa kipimo cha mwisho. Kwenye lile benchi refu alikuwa Chef Faustin, mkono wa shati umekunjwa, anangoja kupimwa presha. Nilitaka kurudi nje. Akasogea kunipa nafasi.

"Na wewe?" aliuliza.

"Tumbo, Chef."

"Mimi ni damu inapanda." Akaitazama simu yake, iliyolala magotini kifudifudi. "Wewe nilikupa karatasi. Mimi wakubwa wangu wananipa kwa simu, nikiwa mezani na watoto."

Hakuomba msamaha na mimi sikumpa. Lakini simu yake ilipotetemeka niliona mkono wake ukiruka, vile vile kama wangu. Nilimchukia zaidi kidogo, kisha chuki ikabaki kidogo tu.

Janvier hakula nami miezi mingi. Nilimwomba radhi mbele ya watu wa depo, pale pale mama aliposimama. Akasema amesikia. Kusikia si kusahau, na sikumhimiza. Mama hajamwomba radhi kwa mdomo hadi leo. Alianza kunipa mfuko wa maharage mazuri kila Ijumaa, "kwa bibi ya yule muzee". Mfuko wa tano ulirudi na sombe ndani ya kopo. Mama alilitazama kopo lile muda mrefu, akachukua kijiko, akala wa kwanza.

Jumatatu yake, saa sita, Janvier alikaa kando yangu, akaweka sahani katikati. Nilinawa mikono mara mbili. Hakusema kitu kuhusu kivuli.

Sasa ninaongoza watu wawili wa etiketi. Mwezi uliopita mmoja alikosea, na nilikuwa nimeshaanza demande, sentensi ya kwanza nzuri sana, tumbo liliponibana. Nikaifuta, nikaenda kumtafuta kwenye rafu.

Hayo ndiyo yaliyobadilika. Vidonge vyekundu sinunui. Etiketi naisoma mara mbili. Mtu wangu akikosea, ninakwenda alipo. Na saa sita ninakula, na Janvier, sahani moja.